Tulipwelewa Menai, na bado wakataka tushukuru

Nimesubiri hasira ipoe, haipoi. Juzijuzi nilimpeleka mama fungu la Kwale, mchanga unaojitokeza katikati ya Ghuba ya Menai, kutoka Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, kwa mashua ya tanga, safari ya kutwa. Tuliambiwa saa moja na nusu asubuhi. Tuling'oa nanga inakaribia saa tatu, eti kuna wageni walikuwa hawajamaliza chai hotelini.

Na siku yenyewe bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida! Unguja, bamvua likiwepo, maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na hushuka hadi kama mita 4. Ghuba ya Menai ina mafungu na miamba kila upande. Nikauliza, "Nahodha, maji yatatutosha?" Kimya. Akajibu mkusanya wageni wao: "Dada, umelipa ukae, kaa."

Kijana wao alikuwa omo, mbele ya mashua, na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, anapima, anatangaza kina: kifua, kifua, kiuno. Nahodha akamwamuru akae, anawaziba wanaopiga picha. Haukupita muda mkuku, uti wa chini wa mashua, ukakwaruza: tumepwelewa, maji yametuacha juu ya fungu. Maji yangekuwa yanajaa, mngengoja kidogo mkaelea. Yanapopwa, kila dakika ya kubishana chombo kinazidi kukaa, nao walibishana!

Aliyetuokoa ni yule yule kijana. Aliibeba nanga hadi penye kina akaitia huko, ili maji yakirudi yasitusukume juu zaidi ya fungu. Akaigadi mashua kwa pondo ubavuni isilale. Kisha akatanda tanga lituzibe jua. "Bibi, njoo kivulini," akamwambia mama. Tulikaa hapo mpaka karibu adhuhuri.

Kwale kwenyewe kuzuri mno, na pweza wao wa kuchoma sijala mfano wake. Nilikuwa nimeshasamehe, nyota tatu nawapa. Tuliporudi Fumba nikaomba warudishe japo nusu ya nauli ya mama. Yule mkusanya wageni akanijibu mbele za watu: "Iliyokuchelewesha bahari, kaidai bahari."

Bahari haikuchelewa hata dakika! Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua linajulikana, na saa zake zinajulikana. Waliochelewa ni wao.

Basi nyota moja, na hiyo ni ya kijana. Akipewa usukani yeye nakwenda hata kesho. Hapana, hata akipewa: mwenye kupokea pesa akiwa yule bwana, siendi. Na nusu ya nauli ya mama bado naidai.