Bendisoo ya Delta ya inchi 14: mashine kuukuu inayostahili jasho lake

Kwa seremala wa kujifurahisha anayeishi Marekani na mwenye nafasi ndogo gerejini, sijaona mashine ya zamani inayorudisha gharama yake kama bendisoo ya kampuni ya Delta ya inchi 14, yaani msumeno wa mashine ambao utepe wake wenye meno huzunguka juu ya magurudumu mawili, mradi mnunuzi aikague vizuri kabla ya kutoa fedha na akubali kwamba kwa muda fulani atakuwa fundi mitambo kwanza, seremala baadaye. Yangu ipo Minnesota, jimbo linalopakana na Wisconsin ambako mashine hizi zilitengenezwa, na ndiyo maana upande huu hazijawa adimu. Tathmini hii inahusu mashine hiyo kama inavyopatikana mitumbani leo, si kama ilivyotoka kiwandani.

Delta ilianzishwa na Herbert Tautz mjini Milwaukee mwaka 1919, na bendisoo hii ilianza kuuzwa katika miaka ya 1930 kwa watu wa karakana ndogo na shule za ufundi. Mwaka 1945 kampuni ilinunuliwa na Rockwell, kwa hiyo jina lililo kwenye kibao cha chuma humwonyesha mnunuzi, kwa kukadiria, mashine ni ya kipindi gani. Jambo lenye faida zaidi kwetu ni kwamba umbo lake halikubadilika sana kwa miongo mingi, na viwanda vya Taiwan vililinakili kiasi kwamba bendisoo nyingi mpya za inchi 14 zinazouzwa leo ni wajukuu zake. Kwa sababu hiyo tepe, mipira ya magurudumu, vidhibiti vinavyouzuia utepe usiyumbe, na springi bado vinauzwa vipya, jambo ambalo mwenye mashine nyingine za umri huo hulitamani bila kulipata.

Fremu ni ya chuma cha kusubu, nayo ina sehemu mbili zilizofungwa kwa bolti moja nene. Magurudumu yana kipenyo cha inchi 14, na utepe wa kawaida una urefu wa inchi 93½. Mbao hupita chini ya kidhibiti cha juu hadi unene wa takribani inchi 6, na anayehitaji zaidi anaweza kuweka kipande cha kuinulia fremu, akaongeza inchi 6 nyingine na kuanza kutumia utepe wa inchi 105. Binafsi sijakiweka, kwa kuwa mota ya nusu nguvu farasi, ambayo ndiyo iliyofungwa kwenye nyingi za mashine hizi, huchoka kabla ya kufikia kimo hicho.

Ukaguzi ndio unaoamua yote. Kutu isikutishe hata kidogo, kwani meza iliyogeuka rangi ya udongo husafika. Kinachopaswa kukutisha ni mpasuko kwenye fremu, na zaidi ya hapo, hali ya kishikio kinachobeba gurudumu la juu. Kishikio hicho kilisubiwa kwa aloi ya zinki, na kwa kuwa wamiliki wengi walizoea kukaza springi kupita kiasi ili watumie tepe pana, hupinda au huvunjika masikio yake; ukilitazama gurudumu la juu kwa upande na kuliona limelala nje hata baada ya kurekebisha skrubu ya nyuma, basi kishikio kimekwisha. Kipya kinapatikana, lakini bei yake uikate kwenye bei ya muuzaji. Yale matao mawili yanayobeba meza na kuiwezesha kuinama hadi nyuzi 45 nayo yakaguliwe kwa tochi kutoka chini, kwani katika baadhi ya mashine ni ya aloi hiyohiyo. Kisha ondoa mkanda wa mota na uzungushe kila gurudumu kwa mkono huku kiganja kingine kikiwa kwenye fremu. Beringi mbovu utaisikia kiganjani kabla ya kuisikia sikioni. Hilo la beringi lisikuzuie kununua, kwa kuwa namba huchongwa kwenye ukingo wake na duka lolote la beringi litakupa nyingine ya saizi ileile yenye kinga ya mpira pande zote mbili.

Katika kuifufua, kazi ninayoifurahia kuliko zote ni ya kutoa kutu kwa umeme. Ndoo ya plastiki hujazwa maji yenye magadi soda kiasi cha vijiko vichache, kipande cha chuma chakavu huunganishwa na waya chanya wa chaja ya betri, na kitu chenye kutu huunganishwa na waya hasi, bila viwili hivyo kugusana. Baada ya dakika chache vijipovu vidogo huanza kupanda, na asubuhi yake kile kifundo ambacho hakikuwa na sura hutoka kikiwa na ukoko mweusi laini unaoondoka kwa brashi, na chini yake unaona hata mistari ya mashine ya kukerezea iliyokichonga kiwandani. Chuma kizima hakiliwi, na hapo ndipo njia hii inapoishinda asidi. Masharti ni machache lakini hayana mjadala: ndoo ikae mahali penye hewa kwa kuwa vijipovu hivyo ni pamoja na haidrojeni, chuma chakavu kisiwe cha pua kwa sababu hutoa kromiamu yenye sumu, na sehemu za alumini au zinki zisiingie humo kabisa. Meza yenyewe haihitaji ndoo. Wembe wa kukwangulia, mafuta mepesi na msasa mlaini vinatosha, kisha nta.

Kuhusu rangi ya zamani nina msimamo mkali. Rangi za miongo ile mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na anayeishambulia kwa brashi ya waya ya umeme ndani ya gereji iliyounganika na nyumba anawapelekea watoto wake vumbi la sumu. Ilainishwe kwa dawa ya kuondolea rangi na ikwanguliwe ikiwa mbichi, au iachwe kama ilivyo ikiwa bado imeshika. Wapo wanaoipaka upya hadi ing'ae kama gari la harusi, nami siwakatazi, ila rangi haikati mbao.

Mipira ya magurudumu ikishaota nyufa, ibadilishwe kwa ile ya poliyurethani, ambayo huloweshwa katika maji ya moto ili ivutike na kuvikwa bila gundi. Mkanda wa mota nao hubaki na umbo la puli ulipokaa miaka bila kuzunguka, na mtetemo ambao wengi huutafutia dawa kwenye magurudumu mara nyingi unatokana nao. Swichi na waya wa zamani sivitunzi kwa heshima yoyote: vifaa vyenye kinga iliyokauka na kumeguka hutupwa, na mahali pake huwekwa swichi ya sumaku ambayo umeme ukikatika na kurudi haiiwashi mashine yenyewe.

Ikishatengemaa, ni mashine tulivu sana. Utepe hukimbia karibu mita 900 kwa dakika na sauti yake haimzuii mtu kuzungumza. Utepe wa robo inchi hukata mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi, unaotosha kwa miguu ya viti na mikono ya vyano, na wa nusu inchi wenye meno matatu kwa kila inchi ndio ninaoutumia kupasulia mbao kwa unene. Vitabu vya mashine hutaja hadi robo tatu ya inchi, lakini springi haiwezi kuukaza utepe huo ipasavyo, na kujaribu kuulazimisha ndiko kunakovunja kile kishikio nilichokitaja. Jaribio langu la haki huwa ni mpingo. Vipande vyake vidogo, vinavyofika Marekani kutoka Tanzania na Msumbiji kwa ajili ya ala za muziki na ukerezaji, huuzwa vikiwa vimepakwa nta, na ni mti mzito unaozama majini, usiosamehe utepe butu wala uliolegea. Delta hii huupasua taratibu, ukato ukiwa umenyooka, mradi vidhibiti vimesogezwa karibu na utepe kwa unene wa karatasi na mkono hausukumi kwa pupa. Mwaloni mwekundu wa hapa, baada ya mpingo, huonekana mwepesi.

Upungufu upo. Haina breki, kwa hiyo ukiizima utepe huendelea kuzunguka kwa muda ambao mtu mwenye haraka huusahau. Haikuundwa kwa ajili ya mabomba ya kisasa ya kunyonya vumbi, na bomba utakaloliunga chini ya meza litachukua sehemu tu. Na kila ukimaliza kazi inapasa kuulegeza utepe kwa kuzungusha kifundo mizunguko mingi, kwani wenzo wa kulegezea kwa mara moja haukuwapo. Anayetaka kutengeneza kabati mwezi huu anunue mpya yenye dhamana. Katika eneo ninaloishi, Delta iliyo nzima huuzwa mara nyingi kati ya dola 200 na 500, na vipuri vitaongeza kiasi kisichodharaulika juu ya hapo, hivyo kinachookolewa si kikubwa kama wauzaji wanavyodai. Unacholipia ni fremu isiyotetemeka na mashine ambayo kila nati yake unaijua.

Wapo ndugu wanaoniuliza kama inafaa kuipeleka nyumbani Afrika Mashariki kwenye kontena. Fremu, meza na magurudumu, ndiyo, vikifunguliwa na kupakwa mafuta mazito dhidi ya hewa ya bahari, na tepe kadhaa za ziada ziwekwe kwa kuwa urefu wa inchi 93½ hautapatikana kila duka la Dar es Salaam au Mombasa, ingawa fundi mwenye mashine ya kuungia tepe anaweza kukukatia. Mota, hapana. Iliundwa kwa umeme wa hezi 60, na hata ikiwa inapokea volti 240, kwenye hezi 50 itapungua mwendo kutoka mizunguko 1,725 hadi 1,425 hivi kwa dakika na kupata joto kupita kiasi. Ni bora kununua mota ya hukohuko, na kuifunga puli yenye kipenyo kikubwa kwa takribani sehemu moja ya tano ili utepe urudi kwenye mwendo wake. Ya Kimarekani mwachie muuzaji, umwombe akupunguzie bei.