Miaka Minne na Volvo 240: Lililonivuta na Lililonitoa Jasho

Gari hili nililinunua kwa sababu nilisoma tangazo vibaya. Liliandikwa limetembea "mil" 31,200, nami kichwani nikaweka maili. Gari la mwaka 1989, maili elfu thelathini na moja tu! Nikapanda treni kutoka Göteborg, mji ninaoishi hapa Uswidi, kwenda Borås na kroni 38,000, pesa za huku, mfukoni, roho juu, naogopa mtu asije akaniwahi. Mzee mwenye gari akanikaribisha kahawa, akanikabidhi ufunguo nikalijaribu, na kwenye kona ya kwanza jicho likaangukia mita: kilomita 312,000 na ushee. Mil ya Waswidi ni kilomita kumi. Miaka sita naishi huku nilikuwa nalijua hilo vizuri, ila siku hiyo tamaa ilinifumba macho.

Nikalichukua hivyo hivyo. Liliwaka kwa sekunde moja kwenye baridi, na milango ilikuwa ikifungwa kwa mlio mzito kama wa sefu. Hadi leo sijajuta, ingawa mke wangu ana maoni yake.

Waswidi wanaliita "tvåfyrtio", yaani mia mbili na arobaini, basi. Lilitengenezwa kuanzia 1974 mpaka 1993, na ukihesabu familia nzima ya 200, yaani 240 na ndugu zake, yametoka zaidi ya milioni 2.8. Aliyelichora, Jan Wilsgård, ni kama aliishika rula na kusahau kuiweka chini. Mwambie mtoto yeyote achore gari, atakuchorea hili. La kwangu ni steshenwagoni, na ukilaza viti vya nyuma unapata sakafu ya karibu mita mbili. Nimehamisha nyumba za Watanzania watatu kwa gari hili, na mmoja wao alikuwa na friji.

Sasa raha yake iko wapi? Fungua boneti. Inanyanyuka hadi inasimama wima kabisa kama mlango wa kabati, na ukichungulia ndani unaona lami chini. Nafasi ipo, mkono unapita, spana inageuka. Injini ni B230, silinda nne, lita 2.3, bloku ya chuma iliyopakwa rangi nyekundu, inaendesha magurudumu ya nyuma. Haina haraka, na kwenye mlima wenye mzigo utapitwa na kila mtu. Lakini mwaka juzi mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni ziende pamoja, ulinikatikia barabara kuu nikielekea Jönköping. Kwenye magari mengi hapo ndipo valvu zinagongana na pistoni na injini inakuwa chuma chakavu. Hii ilizima tu, kimya. Nikavutwa hadi gereji, ukafungwa mkanda mpya, taimingi ikapangwa, jioni nikaendelea na safari. Jirani yangu ana gari la juzijuzi; taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi anapiga simu kuomba miadi ya kompyuta.

Au chukua suala la fyuzi. Kisanduku chake kiko chini kushoto, karibu na mguu wa dereva, fyuzi zenyewe ni zile za zamani zenye ncha mbili, na unyevu ukiingia ncha zinashika kutu kidogo. Asubuhi moja ya Novemba gari likagoma. Stata inazungusha, moto hakuna. Nikainama, nikaipapasa fyuzi ya pampu ya petroli, nikaizungusha kwa kidole mara mbili palepale ilipo, likawaka. Kidole! Siku ile nilifika kazini nikijiona injinia.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, kuna mambo ya kukuliza. La kwanza ni feni ya hita. Ilianza kwa kulia kama njiwa kila baridi ikiteremka chini ya sifuri, ikawa inalia kutwa, na Januari ikakata roho. Na Januari ya huku bila hita kioo kinaganda kwa ndani, unakwangua pumzi yako mwenyewe. Wapenzi wa gari hili wana utani kwamba kiwandani walianza kwa kuitundika feni hewani, kisha wakalijenga gari kuizunguka. Nilidhani ni utani. Nilitoa redio, konsoli ya katikati, kabati la dashibodi, mifereji ya hewa, mazulia, na bado feni ilikuwa imejificha ndani ya sanduku la plastiki lililobanwa kwa vibanio vidogo vya chuma ambavyo vikichomoka vinaruka kusikojulikana. Wikiendi nzima ilikwenda, magoti ardhini na kichwa chini ya dashibodi. Kibanio kimoja nilikipata mwezi Mei, ndani ya kiatu cha mpira cha mwanangu. Gereji niliyoiuliza mwanzo ilikuwa imetaja bei iliyokaribia nusu ya niliyolinunulia gari, kwa hiyo maumivu ya mgongo nayahesabu kama akiba.

La pili ni kutu. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji inakula chuma polepole bila huruma. Ukienda kuangalia la kununua, achana na rangi inayong'aa, lala chini. Bonyeza kwa bisibisi pale jeki inaposhikia, inua zulia la buti uone kona za chini ya taa za nyuma, kagua sinia la betri. Injini utaifufua, bodi iliyooza ni ya kuzika. Petroli nayo inakunywa, lita kama 11 kwa kilomita 100, na mjini zaidi. Kwenye theluji mkia unacheza. Mimi naweka gunia la mchanga kwenye buti kama wazee wa huku, na matairi ya misumari ikifika baridi. Afueni ni kwamba gari likishatimiza miaka 30 Uswidi haikutozi tena kodi ya mwaka, na spea bado zinauzwa tele, mpya na za skrepa.

Mikanda ya viti pia inastahili neno moja. Ule mkanda wa pointi tatu tunaoufunga leo bila kuwaza, aliubuni Nils Bohlin akiwa Volvo mwaka 1959, na kampuni ikawaachia wengine wautumie. Kila nikiwafunga watoto kiti cha nyuma huwa nakumbuka kwamba umetokea kwenye mji huu huu ninaoishi, Göteborg, nyumbani kwa Volvo.

Nilipompelekea picha baba mdogo, yuko Nakuru, nilitegemea anicheke kwa kwenda Ulaya kununua mkweche. Akanipigia simu na swali moja: "Ni lile la Joginder?" Nikamwambia hapana, lile ni babu yake hili. Mwaka 1965 Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki kwa Volvo PV544, tena lililokwisha kutumika, lililowahi kuwa la timu ya kiwanda. Baba mdogo alikuwa mtoto, akisimama kando ya barabara na wenzake kungoja vumbi. Tangu siku ile haulizi habari za kazi wala za baridi mpaka kwanza aulize "Volvo haijambo?"

Mtu anayetaka gari la kuwasha na kusahau, ambaye hapendi kuchafuka mikono, asilisogelee hili, atalichukia kabla ya mwezi kuisha. Kwangu ni nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na feni.

Kulinunua kwenyewe kunazidi kuwa kugumu kwa sababu ya vijana. Huku mtoto wa miaka 15 anaruhusiwa kuendesha gari lililogeuzwa kuwa aina ya trekta, mwendo wake usizidi kilomita 30 kwa saa, pembetatu nyekundu mgongoni, na 240 ni mojawapo ya magari wanayoyapenda kuyakata na kuyageuza hivyo. Mwezi uliopita mmoja alinikuta kituo cha mafuta, akalizunguka mara mbili, akapiga magoti kukagua kutu kama nilivyoeleza hapo juu, kisha akanitajia kroni 50,000. Nikamwambia haliuzwi. Akauliza kama walau waipa ya mlango wa nyuma inafanya kazi. Haifanyi, waya umekatikia kwenye bawaba. Akanionyesha mahali pa kuupitishia mpya, na Jumamosi hii ndiyo kazi yangu.