Jeki za mtaro za kukodi, Tegeta: chuma kizuri, pini za kubahatisha

Tulikuwa tunalaza bomba la majitaka Bunju, mtaro wa kina cha mita 2.2, udongo wa kichanga mtupu. Kichanga hakitoi onyo kabla ya kuporomoka. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kama tani moja na nusu; kibarua akifukiwa hadi kifuani tu, kupumua ni shida. Nikakodi jeki fupi za chuma za kubana kuta, pamoja na mbao zake.

Jeki zenyewe safi. Nyuzi zina grisi, zinakaza kwa mkono, unamalizia na spana, na vitako ni vipana, havizami kwenye mbao. Tulifunga za juu kwanza, ndipo vijana wakashuka.

Tatizo pini, zile za kushikilia urefu wa jeki. Baadhi zilikuwa vipande vya nondo vilivyokatwa na grenda! Nikamwambia mwenye duka, "Bosi, hii siwezi kumshushia mtoto wa mtu." Akabadilisha bila kinyongo, ila asubuhi ilishakwenda.

Usafiri juu yako, ngazi hawana. Nitawarudia, lakini pini nitazikagua moja moja kabla kirikuu, kigari cha mizigo, hakijawashwa.