Treni hadi Mwanza, kisha meli ya Bukoba: pa kupendea na pa kuangalia

Treni ya reli ya kati na meli ya Bukoba kila moja ina tiketi yake, dirisha lake na ratiba yake. Treni ikichelewa, meli haiisubiri. Lijue hilo kabla hujalipa chochote, kwa sababu safari yenyewe ni nzuri na tunaipendekeza. Panapoharibika ni pale kati ya stesheni na gati.

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora, na bado ni ile ya upana wa mita 1. Tabora ndipo treni inapogawanywa: mabehewa ya Kigoma yanashika magharibi, ya Mwanza yanakwenda kaskazini kupitia Isaka, Shinyanga na Malampaka. Wakati kichwa kinapanga mabehewa, wapo wanaoshuka kutafuta chai na asali, na wakirudi hawaoni behewa lao pale walipoliacha. Shika namba ya behewa, usishike mahali liliposimama. Hakikisha pia tangu mwanzo kwamba behewa ulilopanda ni la Mwanza.

Kwa safari inayokaribia siku mbili kutoka Dar es Salaam, daraja la pili kulala ndilo lenye thamani nzuri zaidi. Chumba kina vitanda sita, na cha juu ndicho bora: cha kati hukunjwa mchana, na cha chini hugeuka kiti cha wote. Daraja la kwanza lina vitanda viwili, linafaa wanandoa au mama mwenye mtoto mchanga. Usiku, treni inapokaribia stesheni, funga dirisha kwa komeo; kama komeo limelegea, weka kigingi cha mbao. Simu zinazochajiwa karibu na dirisha ndizo zinazopotea. Maji ya kunywa beba mwenyewe, angalau lita 4 kwa mtu.

Kuchelewa kuna sababu zake. Njia ni moja, kwa hiyo treni hupishana stesheni tu. Iliyokosa zamu yake hukaa kando hadi nyingine ipite, na saa moja iliyopotea asubuhi huzaa tatu kufikia jioni. Sababu ya pili ni kipande cha Kilosa hadi Gulwe, kinachofuata bonde la mto Mkondoa. Masika maji hula tuta la reli, na hapo safari zinaweza kusimamishwa kabisa. Kwa hiyo Machi hadi Mei usikate tiketi ya meli ya siku ileile ya kufika. Hata miezi mingine, lala Mwanza usiku mmoja. Chumba cha gesti ni nafuu kuliko tiketi ya meli iliyokupita.

Ukishuka Mwanza, usimwambie dereva wa bajaji “bandarini” halafu ukanyamaza. Mwambie Bandari ya Kaskazini: huko ndiko kwenye meli ya abiria. Bandari ya Kusini ni ya mizigo, na Kamanga ni kivuko cha kwenda upande wa Sengerema. Kutoka stesheni si mbali, na asiye na mzigo anaweza kutembea. Mwenye magunia apatane na kuli bei ya mzigo wote hadi ndani ya meli, maana ukipatana hadi getini tu, utalipa tena getini.

MV Victoria, ndiyo meli yenyewe ya Bukoba, inastahili sifa. Ilianza kazi mwaka 1961, ikafanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2020, na inabeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Huondoka usiku na kufika Bukoba alfajiri baada ya kupitia Kemondo. Kata tiketi ya kulala mapema, kwani vyumba huisha kabla ya viti. Mlangoni utaulizwa kitambulisho, na jina lifanane na la kwenye tiketi. Anayenung’unika kwenye foleni hiyo akumbuke MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Kuhesabu watu na kuwajua kwa majina ni sehemu ya usalama wako. Ukiingia, kabla ya kutandika, tafuta makoti ya kujiokolea yalipo na ngazi iliyo karibu nawe.

Ziwa lina tabia ya radi na dhoruba za usiku: nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo wa pande zote ukasukumwa kuelekea katikati ya ziwa, na hapo mawingu hupanda. Nahodha akiamua kuchelewesha kuondoka, amefanya kazi yake.

Jambo linalotuuma ni hili. Pale Bandari ya Kusini reli inaingia hadi majini. Mabehewa ya mizigo husukumwa juu ya daraja linalopanda na kushuka kufuata kina cha ziwa, yakaingia MV Umoja na kufungwa minyororo, kisha yakavuka hadi Port Bell, Uganda, ambako yanakuta reli ya upana uleule. Gunia la mchele linafika ng’ambo bila kushushwa. Abiria hajapata hata tiketi moja ya treni na meli, wala ubao stesheni unaomwambia meli inaondoka lini.

Kurudi ni rahisi zaidi. Meli kutoka Bukoba hufika Mwanza asubuhi, kwa hiyo siku ya treni unabaki na saa za kutosha za kuoga, kula sato na kukata tiketi. Ukinunua ndizi Kemondo, chagua mikungu mibichi kabisa na uifunge majani yake. Iliyoanza kuiva haifiki Tabora.