Duka la kadi Makoroboi: bei, foleni, na herufi ũ

Mdogo wangu kaoa Murang'a, Kenya, na katibu wa kamati ya harusi ni mimi. Kila kilichochapwa kimepita mikononi mwangu, ndiyo maana naandika kuhusu duka hili. Liko hapa Mwanza, ghorofani upande wa Makoroboi, ngazi zake zinaanzia pale kwa wauza vitenge. Bango limefifia, halisomeki. Uliza tu wanapochapa kadi na mihuri.

Kadi ya mwaliko na bahasha yake nililipa shilingi 1,800, na dizaini ni bure ukichapa kuanzia 100. Mjini zipo za bei ya chini zaidi. Nilishazionja kwenye kadi za mchango, duka lingine kabisa: jina la bibi harusi, Wairimũ, lilitoka Wairim, halafu kiboksi kitupu. Nikaambiwa fonti, yaani mtindo wa herufi wa kompyuta, haina herufi hiyo, weka u ya kawaida, watu wataelewa.

Watu wa Mwanza wangeelewa kweli. Hata Wagikuyu wenyewe wengi huandika Wairimu wakiwa kwenye simu, na maisha yanaendelea. Lakini baba mkwe aliomba chini ya kadi uwepo mstari wa lugha yao, "Ngai amũrathime", Mungu awabariki, na akasisitiza uandikwe sawasawa. Kigikuyu kina irabu saba. Ile ũ hutamkwa katikati ya u na o, na ĩ katikati ya i na e. Kikamba nacho huandikwa hivyo hivyo. Kwao kiwimbi kile cha juu ya herufi kinatenga herufi mbili tofauti, si pambo. Mimi Msukuma jambo hilo halikunishangaza, maana Kisukuma nacho kina irabu saba, ila kwenye mabango na kadi zetu tunajibanza kwenye tano za Kiswahili, msomaji anajijazia mwenyewe.

Basi nikapanda zile ngazi. Kijana wa dizaini akanipokea vizuri, "Mwangaluka mayu," akaangalia karatasi yangu, na swali lake la kwanza ndilo lililonifanya nilipe advansi palepale: "Hii ni ya Kivietinamu?" Alishawahi kumchapia kadi za biashara Mvietinamu mmoja, wa wale waliokuja na kampuni ya simu ya Halotel, akajifunza kwa taabu.

Nikamwambia ni Kigikuyu. Akacheka, akasema afadhali, maana dawa ni ileile. Wavietinamu wana ĩ na ũ pia, ingawa kazi yake ni nyingine kabisa: u inabaki kuwa u, kiwimbi kinaonyesha toni, namna sauti inavyokatika na kupanda. Mũ ni kofia. Mù, yenye alama nyingine, ni kipofu. Baadaye nikasoma kuwa Waguarani wa Paraguay nao wanaitumia ũ, ila kwao sauti hupitia puani, kama ã ya Wareno tunayoisikia kwa jirani zetu wa Msumbiji. Umbo moja, na kila nchi imelipangia kibarua chake.

Sasa faida yake kwa mwenye harusi. Fonti nyingi nzuri za bure hazikutengenezwa kwa kumfikiria Mgikuyu. Lakini zilizotengenezwa kwa ajili ya Wavietinamu, walio mamilioni, zina ĩ na ũ ndani. Kwa hiyo kijana yule hafungui fonti moja moja: anaingia tovuti ya Google Fonts, anachuja kwa lugha ya Kivietinamu, na zote zinazobaki zinafaa kwa Wairimũ. Sijaona duka lingine hapa mjini linalojua hilo. Alinionyesha pia njia ya Word: andika 0169, bonyeza Alt na X pamoja, inageuka ũ. Ukiandika 0129 unapata ĩ.

Kasoro zipo. Kwenye prufu ya kwanza, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, aling'ang'ania fonti moja ya dhahabu ya mikunjo mingi, nayo haina ũ, akachora kiwimbi kwa mkono. Kikaelea juu ya herufi kama kofia ya kuazima. Nikakataa, akanuna kidogo, akabadilisha. Ule mstari wa Kigikuyu nao, aliounakili kutoka kwenye meseji, ulikuja na viwimbi vilivyohamia pembeni. Kumbe kompyuta inaweza kuihifadhi ũ kama herufi moja, au kama u pamoja na alama inayopandishwa juu yake, na programu yake haikuielewa hii ya pili. Aliandika upya wote. Hapo ndipo kazi ilipochelewa, na hakuna aliyenipigia kuniambia. Risiti ya EFD, ile ya kodi, nayo ni mpaka uidai.

Kadi zenyewe zimetoka safi. Karatasi nene, dhahabu haibanduki kidoleni, na baba mkwe alipotumiwa picha alijibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp ambayo nusu yake ni Kigikuyu, sikuambulia kitu, ila alikuwa anacheka.

Ukienda, tuma majina kwa maandishi na pia kwa picha ya mwandiko wa mkono, ili alama ikihama ionekane. Dai prufu ya karatasi, usiridhike na ya simu. Nenda kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT wanajaa na ripoti zao za kubaindi na kijana yuko peke yake. Nawapa nyota nne. Mihuri yao sijaijaribu.