Eti "mashine ya kizamani ina sauti ya kizamani": ampifaya ya projekta ya baba na fundi wangu wa Kariakoo

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mashine yenyewe ni Bell & Howell Filmosound, projekta ya milimita 16 aliyotuachia marehemu baba. Mzee alikuwa mtu wa gari la sinema: Handeni, Korogwe, mpaka vijiji vya Pangani, shuka jeupe limefungwa kati ya miembe miwili na jenereta linanguruma kwa mbali. Ampifaya yake, yaani kikuza sauti, ni ya valvu, zile chupa za kioo kama za redio za zamani, na ilikuwa bubu tangu sijaoa. Mafundi wa hapa Tanga waliichungulia wakatikisa vichwa. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Kariakoo, jina namsitiri. Nikapanda nayo basi, nikailipia na kiti chake.

Alikaa nayo wiki tatu, au nne sijui. Kila nikipiga simu: "Kesho, mzee wangu." Kwa hilo simlaumu, fundi asiyesema kesho bado hajazaliwa.

Siku niliyoifuata tukatia mkanda wa kilimo, ule baba aliokuwa akianza nao kila kijiji. Picha safi kabisa. Sauti sasa: vuuuuuum! Kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na yule msimulizi anasikika chini yao kama mtu aliyetumbukia kisimani. Nikamuuliza, "Fundi, mbona inavuma?" Hata kichwa hakuinua, kidole kiko kwenye simu. "Mzee, mashine ya kizamani ina sauti ya kizamani. Ukitaka sauti safi kanunue spika ya bluetooth." Kijana anayemshikia taa akacheka.

Na pesa nilishamlipa yote. Ujinga wangu huo.

Asichojua ni kwamba nimefundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu. Nimerudi nyumbani, usingizi hauji, maneno yale yananichoma. Usiku wa manane nikaiwasha. Sauti ya filamu hizi inasomwa kwa mwanga: kuna kitaa kidogo kinamulika ule mchirizi wa pembeni ya mkanda, mwanga unapenya ukipungua na kuongezeka, seli iliyo upande wa pili inaugeuza umeme, ampifaya inaukuza. Nikakata kipande cha boksi la kiberiti, nikakiziba mbele ya kitaa. Mvumo ukakatika pale pale! Nikakitoa, vuuum. Nikakirudisha, kimya. Nikafanya hivyo labda mara kumi, nacheka peke yangu, mpaka mke wangu akaja mlangoni kuuliza kulikoni.

Basi ugonjwa ulikuwa kwenye mwanga, uzee haukuhusika hata kidogo. Nikafungua chini. (Ninyi msifungue kienyeji. Hata ukichomoa waya ukutani, kapasita kubwa, vile vihifadhi umeme, zinabaki na umeme wa kumtupa mtu chini.) Waliounda mashine hii walijua kwamba kitaa kikipewa umeme wa kawaida wa mizunguko 50 kwa sekunde kitameta mara 100 kwa sekunde, na seli itayasoma hayo mameto kama sauti. Kwa hiyo valvu moja iliwekwa kazi ya kutikisa umeme wa kitaa kwa kasi ambayo sikio halifiki. Bwana mkubwa wangu kaona valvu ile haifanyi kazi, akaiacha hapo kama pambo, akavuta waya mwekundu kutoka kwenye umeme unaopasha valvu, akautia moja kwa moja kwenye kitaa. Akafunga. Akapokea hela.

Na valvu haikuwa mbovu! Niliichomoa, nikakuta miguu yake ina ukungu wa kijani. Mswaki mkuukuu, spiriti, nikaichomeka na kuichomoa mara kadhaa, ule waya mwekundu wa fundi nikautupa, za zamani nikazilehemu zilipokuwa. Kitaa kikawaka. Nikatia mkanda.

Sitaki kueleza sana. Ilikuwa sauti ile ile niliyoisikia nikiwa nimekaa chini mchangani, mtoto wa miaka sita, ikisema mambo ya pamba.

Sasa, ukweli lazima usemwe, ingawa unanikwama kooni. Kazi ya kapasita kaifanya vizuri mno. Zile za karatasi na nta, ambazo zikivujisha umeme zinaua valvu za kutolea sauti, kazitoa zote, kaweka mpya, na ulehemu wake unang'aa kama shanga. Mimi mikono yangu isingeweza. Nilikuwa nimepanga kuwaambia msimkaribie. Bado nasema hivyo. Au mwendeeni, ila msimruhusu aguse kitaa. Aa, mtu wa kumjibu mzee vile hafai hata kuletewa pasi!

Tatizo ni kwamba moja ya zile valvu za kutolea sauti, aina ya 6V6, imeanza kuchoka, ikipata moto sauti inakwaruza, na chini ya benchi lake nililiona boksi zima la hizo valvu. Jumamosi napanda basi tena. Safari hii naenda na kigoda changu, nitakaa mbele yake mpaka skrubu ya mwisho, na kipande cha boksi la kiberiti kiko mfukoni.