Hita ya tenki au shawa ya papo hapo? Uzoefu wangu kwenye baridi ya Njombe

Wadau hili swali linarudi kila baridi ikianza na majibu mengi yanatoka kwa watu wa Dar, sasa mi niko Njombe na nimeishi na zote mbili, shawa ya papo hapo nilikuwa nayo kwenye nyumba ya kupanga na sa hivi kwangu nina hita ya tenki la lita 50, kwa hiyo nasema nilichokiona. Kwa huku juu, na kama una familia, chukua ya tenki.

Sababu kubwa ni baridi ya maji yenyewe, na hii dukani hawakwambii kabisa. Ile shawa ya plastiki inayofungwa juu bafuni, nyingi ni kilowati 5.5, haina akiba yoyote, inapasha maji yakiwa yanapita. Kwa hiyo maji yakiingia ya baridi sana una mawili tu, ubane koki yatoke kidogo kidogo ndo yapate moto, au uyaachie yatoke mengi ila ya uvuguvugu. Piga hesabu uone. Dar maji ya bomba tuseme yanaingia yakiwa nyuzi 27, kuyafikisha 40 ya kuoga ni kupandisha nyuzi 13 tu, kilowati 5.5 inakupa kama lita 6 kwa dakika, hapo unaoga vizuri kabisa huna cha kulalamika. Huku mwezi wa sita na wa saba yakitoka kwenye simtanki asubuhi weka nyuzi 14, unahitaji kupandisha 26, shawa ile ile inakupa lita 3 kwa dakika. Nusu! Mke wangu akiosha nywele ilikuwa ni kusimama pale anatetemeka povu haliishi. Ndo maana mtu wa Dar anaisifia na mtu wa Makete huku kwenye baridi anaichukia na wote wanasema kweli.

Halafu kuna umeme mdogo wa jioni. Saa moja mpaka saa tatu usiku kila mtu anapika, anapasi, taa zinafifia. Hita nguvu yake inashuka haraka kuliko unavyofikiri, volteji ikitoka 220 ikafika 180 ile kilowati 5.5 inabaki kama theluthi mbili tu, yani muda uleule watu wametoka kazini wanataka kuoga ndo shawa inachoka. Tenki nalo linachelewa volteji ikishuka, ila halikuumbui, kwa sababu unaliwasha mapema mchana umeme ukiwa mzuri halafu linatunza moto kama chupa ya chai. Hata umeme ukikatika saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku watoto wanaoga maji moto. Mi hii peke yake ilinitosha kuamua.

Sasa habari ya yuniti, maana ndo kila mtu anauliza. Watu wanasema shawa ya papo hapo inakula umeme balaa. Jamani, kupasha lita moja ya maji kunataka joto lilelile utumie kifaa chochote. Ile shawa inakula kwa kasi lakini muda mfupi, dakika kumi ni kama yuniti 0.9. Tenki langu la lita 50 kutoka nyuzi 15 mpaka 60 linakula yuniti 2.6 hivi, na ukichanganya na ya baridi unapata karibu lita 90 za kuoga, watu wanne wanaoga bila kugombana. Gawanya uone, kwa kichwa hazipishani sana. Kwa tarifu ya kawaida ambayo elfu kumi inakupa kama yuniti 28, hilo tenki moja ni kama shilingi 930. Tenki linakula hela pale unapoliacha limewaka usiku kucha, hapo joto linapotea na thamostati inawasha tena na tena bila mtu kuoga. Kwetu swichi iko koridoni ina taa nyekundu, inawashwa kama masaa mawili kabla ya kuoga, tenki la kilowati 1.5 halihitaji zaidi ya hapo, kisha inazimwa. Ila kama uko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo ya yuniti 75 kwa mwezi, jua kabisa kwamba hita yoyote, hii au ile, ikitumika kila siku na familia itakuvusha.

Waya! Hapa naomba msikilize vizuri. Kilowati 5.5 inavuta ampea 25, waya wa soketi wa milimita 2.5 usiuguse, unataka waya wake peke yake kutoka kwenye meini swichi, milimita 6 ndo salama, na breka yake. Na ethi iwe ethi kweli, imeshuka ardhini, maana shawa nyingi za bei rahisi koili yake iko wazi ndani ya maji unayooga. Fundi akikwambia ethi sio lazima, mlipe nauli aende zake. Nyumba nyingi za kupanga hazina waya huo na mwenye nyumba hataki kuchimba ukuta. Tenki la kilowati 1.5 linavuta kama ampea 7 tu, hilo hata nyumba ya zamani inalibeba, ila ethi bado ni lazima palepale.

Tenki nalo lina mambo yake. Bei, kwa maduka niliyopita mimi, ilikuwa mara tatu mpaka nne ya shawa. Ni zito, likijaa ni kilo 50 za maji bado chuma chenyewe, ukuta wa tofali za kuchoma uwe imara na bolti ziwe ndefu. Lijaze maji kwanza mpaka yatoke kwenye koki ya moto ndo uwashe. Na ile valvu ya usalama chini itadondosha matone wakati linapasha, ni kawaida, maji yakipata moto yanatanuka. Kuna fundi alitaka kuiziba kwangu eti inavuja, nikamkatalia palepale, ukiziba ile presha haina pa kwenda na tenki linaweza kupasuka. Ndani kuna fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu badala ya tenki, ifunguliwe ikaguliwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na ukiifungua toa na magamba yaliyojikusanya kwenye koili.

Bafu la wageni nimeweka shawa ya papo hapo, linatumika mara chache sana na sioni maana ya kupasha lita 50 kwa mtu mmoja aliyelala usiku mmoja, na wageni nawaambia mapema, wasibadilishe ile swichi ya moto na vuguvugu maji yakiwa yanatoka, wafunge koki kwanza.